Ndama Wasiohesabiwa wa Ndurumo

Saa moja na robo asubuhi, Alhamisi moja ya Machi mwaka wa tisini na saba, Mzee Mithika alifungua ghala la Ushirika wa Wafugaji wa Ndurumo, nje kidogo ya soko la Kianjai, akaona sakafu mahali ambapo hakupaswa kuona sakafu. Mama hakuwepo.

Mama ni mtungi. Mtungi mkubwa wa alumini, unaomfika mtu mzima mapajani, wenye gesi baridi inayotoa moshi mweupe ukiufungua. Ndani ya baridi hiyo ndimo zinamokaa mbegu za fahali kutoka ng'ambo, kila moja ndani ya mrija mwembamba kama njiti ya kiberiti. Kando yake hukaa Mtoto, mtungi mdogo ambao Nyaga, mpandishaji ng'ombe wa ushirika, huufunga nyuma ya pikipiki akiwafuata wakulima. Watoto wa shule wakimwona humwita Fahali wa Pikipiki, naye huwapigia honi. Asubuhi hiyo Mtoto alikuwa pale pale kwenye rafu. Mama ndiye aliyekwenda.

Kufikia saa sita mchana, polisi wa Kianjai walikuwa wamemtia mtu ndani, na mtu huyo alikuwa Nyaga. Kufikia jioni soko lilikuwa na hadithi tatu kuhusu jambo hilo, zote tamu, zote uongo. Ruguru, mke wa Nyaga, anayeuza chai mkabala na geti la ushirika, alifunga kibanda chake na kwenda kukaa kwenye ngazi za kituo cha polisi na chupa ya uji. Ukimjua Ruguru, utajua hakukaa kimya.

Ijumaa saa mbili asubuhi Inspekta Lydiah Igoki alishuka kwenye Landrova kutoka Embu, mgongo ukimuuma, tumbo tupu. Makao makuu ya mkoa yalikuwa yamemtuma kwa sababu moja: saa nane mchana huo wageni wa ufadhili walikuwa wanakuja kuona ushirika wa kwanza mlimani kote ambao kazi na kompyuta zake zilipangwa pamoja. Mkubwa wake hakutaka wageni wasikie habari za wizi. "Maliza kabla ya chakula chao," alimwambia. Igoki aliacha mezani kwake faili la mauaji ya Siakago ili aje kutafuta mtungi.

"Ameiba nini?" alimuuliza mkuu wa kituo.

"Mbegu, Madam. Kompyuta inaonyesha mtungi nambari moja umejaa mbegu. Tumeufungua, zilizomo hazijazi kiganja. Na Jumatano alasiri watu wawili wamemwona Nyaga na mtungi barabarani, na kompyuta inaonyesha siku hiyo hakuna mkulima aliyeomba huduma. Sasa alikuwa anaupeleka wapi?"

"Na huu mtungi mkubwa uliopotea?"

"Hakuna mtungi uliopotea. Kompyuta inasema ushirika una mtungi mmoja. Na mmoja uko."

Igoki alimtazama. "Mtunza ghala ndiye aliyepiga ripoti. Si amesema ulikuwepo mwingine?"

"Hapo ndipo penye shida, Madam. Nimemuuliza mara nne, Mzee, mitungi ilikuwa mingapi? Anasema ilikuwa ya kutosha."

"Ya kutosha."

"Ya kutosha. Nami siwezi kupeleka hiyo kortini. Mali isiyokuwa kwa kompyuta haiwezi kuibiwa. Saa nane gari la mahabusu linampeleka Nyaga Meru."

Igoki alifumba macho, akayafumbua. Mkuu wa kituo alikuwa bado pale.

Nyaga alikuwa mtu mfupi wa Runyenjes aliyeoa Kianjai, mwenye mikono safi kuliko ya daktari wa watu. Alikuwa ameketi kwenye sakafu ya seli bila viatu wala mkanda.

"Jumatano alasiri ulikuwa wapi na mtungi?"

"Kazini, Madam. Nilikuwa na Mtoto."

"Kazini kwa nani?"

Nyaga akatazama dirishani. "Kwa mkulima."

"Nyaga, mkulima ana jina."

"Analo. Lakini nilimpa neno sitamtaja. Atakuja mwenyewe kusema. Ni mtu mkubwa, anajua niko hapa."

"Umelala hapa usiku mmoja. Amekuja?"

Nyaga aliinuka. Alisogea karibu na vyuma. "Madam, nisikilize kwa jambo moja. Huyo aliyechukua Mama, kama hakuuziba vizuri, gesi inatoroka. Jana nilisikia Mzee Mithika ameokota kizibo. Kama kizibo kiko nje, leo jioni mtungi umekauka. Zile mbegu zikipata joto zimekufa. Hapo hata mkinitoa, mimi ndiye niliyeua ndama wa watu wa Kianjai mpaka Muthara. Nani ataniita tena kwa boma lake?"

Nje, Ruguru alikuwa anangoja. Hakusalimia.

"Wewe ndiwe wa Embu? Basi angalia na macho, usiangalie na kompyuta kama hawa. Mume wangu angeiba, ningekuwa nauza chai kwa kibanda cha mabati?"

"Mama, ninaangalia."

"Angalia haraka."

*

Jengo la ofisi za ushirika lilikuwa jipya, la matofali, na mlango wa chumba cha kompyuta ulikuwa na kibao: VUA VIATU. Gedion Mwongera, msimamizi wa kompyuta, alimpokea Igoki kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa na bendeji kwenye vidole viwili.

"Pole. Nini hiyo?"

"Nilishika pasi ikiwa moto, Madam. Karibu. Viatu tafadhali."

Igoki alivua. Chumba kilikuwa kama sebule ya maharusi: pazia zito, zulia jekundu, na vitambaa vya kufuma vilivyofunika kila mashine kama mkate wa sikukuu. Mbili zilikuwa ukutani, mbili dirishani, na moja chini pembeni, karibu na kitoroli cha kubebea karatasi. Palikuwa na baridi. Soksi zake zilikanyaga unyevu, akadhani wamefua zulia kwa ajili ya wageni.

"Twende nikuonyeshe kitu," Mwongera alisema, akamwongoza upesi hadi chumba cha mikutano. Mchoro Mkuu ulikuwa umejaza ukuta mzima. Safu ya juu ilikuwa na visanduku vya kazi: kupokea maziwa, kupandisha ng'ombe, kuuza chakula cha mifugo. Safu ya kati ilikuwa na habari ambazo kila kazi inahitaji. Chini kulikuwa na mashine. Mishale ilipanda na kushuka katikati yao kama mchwa.

"Vyama vingi vinanunua kompyuta halafu vinaitafutia kazi," Mwongera alisema, na hapo sauti yake ikawa ya mtu anayependa. "Sisi tulianza na kazi yenyewe. Mshauri kutoka Nairobi alipita kila ofisi akiuliza: mnafanya nini, kwa nini, mnahitaji kujua nini ili mfanye? Baada ya hapo tukachora. Baada ya kuchora ndipo tukanunua. Angalia kazi hii, fuata mshale, utaona habari yake, fuata tena, utaona kompyuta inayoitunza."

"Ni wazo zuri," Igoki alisema, naye hakuwa anamfurahisha tu. Alikuwa amefanya kazi miaka kumi na miwili katika ofisi ambazo faili la mtu mmoja hukaa mahali patatu na halipatikani popote.

"Kila kilicho kwenye Mchoro kiko Ndurumo, na kila kilicho Ndurumo kiko kwenye Mchoro. Kompyuta nne hapa, kompyuta nne mle chumbani. Mtungi mmoja hapa," aligusa kisanduku kidogo, "mtungi mmoja ghalani. Una kibandiko, nambari moja. Wageni watakagua kitu kimoja kimoja. Wakiona vimelingana, mpango unapelekwa wilaya zote, Meru na Embu."

"Na nani atauongoza?"

Mwongera alitabasamu kidogo. "Wataamua wao."

"Mshauri alijuaje kwamba mtungi ni mmoja?"

"Alihesabu."

*

Ghalani kulinuka chumvi ya ng'ombe na dawa ya kupe. Mzee Mithika alikuwa ameketi juu ya gunia la pumba, fimbo katikati ya magoti.

"Muga, Mzee."

"Muga mono, mwanangu. Umekula?"

"Sijala. Mzee, nikuulize swali moja, unijibu moja. Mama alikuwa anakaa wapi?"

Mzee alielekeza fimbo. Kwenye saruji palikuwa na duara, safi na jeupe, limezungukwa na uchafu wa miaka. Igoki alichukua Mtoto kwenye rafu, akamweka katikati ya duara. Mtoto alibaki kama kikombe kwenye sinia. Kibandiko cha nambari moja kilikuwa ubavuni mwake.

"Kwa hivyo mtungi mkubwa ulikuwepo. Duara hili linatosha kuwa shahidi. Sasa, mbona hukumwambia mshauri kwamba iko miwili?"

"Aliniuliza ni mingapi."

"Nawe ukasema?"

"Ya kutosha."

"Mzee Mithika." Igoki aliketi kwenye gunia la pili kwa sababu miguu ilikataa kusimama kwa mazungumzo haya. "Kuna mtu yuko seli. Kwa nini usiseme miwili?"

Mzee alimtazama kama anavyotazamwa mtoto aliyelelewa mjini. "Ndani ya ile mitungi kuna nini?"

"Mbegu."

"Kuna ndama. Hawajazaliwa bado, lakini ni ndama. Baba yako alifuga?"

"Mbuzi. Kule chini, Mbeere."

"Aliwahi kukusomea hesabu ya mbuzi wake kwa sauti?"

Igoki alikumbuka. Baba yake alikuwa akisimama kwenye mlango wa zizi jioni, akitazama kila mbuzi usoni, na akikosekana mmoja alijua ni yupi kwa jina. Hakuna siku aliyotaja idadi. Ukiwahesabu, umeyaonyesha mauti njia.

"Hakunisomea," alisema.

"Basi. Yule kijana wa Nairobi alichoka na mimi, akachungulia mlangoni. Ilikuwa Jumatatu, Mama amepelekwa Embu kujazwa gesi. Akamwona Mtoto peke yake, akambandika karatasi, akaenda. Mimi nikasema ni mambo yao."

"Na ufunguo wa ghala unakaa kwako?"

"Kwenye msumari, nyuma ya mlango wa jikoni. Kila mtu anajua."

Hilo lilimwongezea Igoki washukiwa hamsini. Alishusha pumzi. "Na kizibo? Nasikia uliokota kizibo."

Mzee alikitoa mfukoni mwa koti: kizibo cheupe chenye shina refu, chepesi kama gunzi. "Kilikuwa hapo chini ya ngazi za ofisi. Jana asubuhi."

"Ngazi za ofisi. Si upande wa geti?"

"Ofisi."

"Mbona hukuwaambia polisi?"

"Hawakuniuliza kizibo. Waliniuliza hesabu."

Igoki alitoka nje, akasimama karibu na tangi la maji mpaka hamu ya kupiga kelele ikaisha. Kisha akafikiri. Mwizi alikuta mitungi miwili. Mmoja ni mdogo, wenye kamba ya kubebea, ungetosha kwenye kikapu cha baiskeli. Mwingine ni mzito, wa kuvunja mgongo. Akauacha mwepesi, akabeba mzito, tena kuelekea ofisini. Mwizi wa aina gani huyo?

*

Mwizi aliyefaa kuliko wote alikuwa mwenyekiti wa ushirika. Naftaly Kathuri alikuwa na fahali maarufu, jina lake Mkoloni, ambaye kabla ya Nyaga kuja na mitungi yake alikuwa akipandisha kila ng'ombe kutoka Kianjai hadi bondeni. Sasa hakuna aliyemwita. Zaidi ya hapo, Jumatano jioni pikapu ya mwenyekiti ilionekana ikitoka ushirikani na kitu kimefunikwa turubai.

Konstebo Mutegi, dereva wa Igoki, kijana wa Chuka asiyependa vumbi, aliendesha taratibu. Barabarani Igoki aliona jambo. Kwenye nguzo ya geti moja palifungwa jani bichi la mgomba. Geti la tatu, jani lingine. Mbele, jani, na chini yake mwanamke ameshika kiuno.

"Simamisha. Mama, hili jani ni la nini?"

"La Nyaga," mwanamke alisema. "Ng'ombe wangu anataka dume, yuko joto tangu alfajiri. Ukifunga jani, Nyaga akipita anaingia. Sasa mumemfunga, na huyu jioni joto limeisha, ningoje tena mwezi mwingine bila maziwa. Mtanilipa na kompyuta?"

"Huendi ofisini kuandikisha?"

"Kilomita nne, nimwache ng'ombe akipiga kelele, niende kuvua viatu niambiwe kompyuta imelala?"

Mutegi alicheka. Igoki hakucheka. Mchoro ulisema mkulima huenda ofisini, karani huandika, kompyuta humtuma Nyaga. Wakulima walifunga majani. Kompyuta ya Mwongera ilikuwa inasema kweli: Jumatano hakuna aliyeomba huduma. Ilikuwa haijui tu kwamba hakuna aliyewahi kuiomba.

Mwenyekiti Kathuri aliwapokea kwa suti ya wageni, jasho likimtoka kabla jua halijawa kali. Kwenye turubai, alisema, kulikuwa na viti vya plastiki vya kanisa vya kukalia wageni. Vilikuwepo, vimepangwa uani. Kuhusu mitungi alisema yeye na mambo ya ghala wapi na wapi.

Igoki aliomba kumwona Mkoloni. Fahali alikuwa amelala chini ya mti, mzee, mnene, anatafuna bila haja. Igoki alimzunguka. Nyuma ya jiko, mahali ambapo mpita njia haoni, kulikuwa na kigingi, na kwenye kigingi jani la mgomba lililonyauka na kujikunja kingo.

"Bwana Mwenyekiti. Jani hili lina siku mbili."

Kathuri alitazama jani kama hajawahi kuona mgomba maishani.

"Ni la Jumatano," Igoki aliendelea. "Wenzako wanafunga getini. Wewe umefunga nyuma ya jiko."

"Madam, hayo ni mambo ya nyumbani."

"Kuna mtu amelala kwenye saruji kwa ajili ya mambo yako ya nyumbani."

Mwenyekiti aliangalia kushoto, kulia, akateremsha sauti mpaka ikawa ya kuungama. "Mkoloni hawezi tena. Mwaka wa pili huu. Watu wakijua kwamba mimi, mwenye fahali, naleta Nyaga kupandisha ng'ombe wangu, nitatembea wapi hapa? Hata kanisani wataniuliza. Nyaga alikuwa hapa Jumatano, saa tisa mpaka saa kumi na moja. Alikuwa na ule mtungi mdogo. Nilimwambia asiseme."

"Naye hakusema. Alikuwa anakungoja wewe."

"Ningesema. Baada ya wageni."

"Kila mtu hapa angesema baada ya wageni," Igoki alisema. "Panda gari."

*

Walipita kwa Ruguru, ambaye alikuwa amefungua kibanda ili, alivyosema, asiue mtu. Igoki aliomba chai mwishowe. Ilikuwa saa saba.

"Umeona vile Mwongera anatembea na vidole vimefungwa?" Ruguru alimimina. "Kila mtu anamwambia pole. Mimi simwambii."

"Si alichomwa na pasi?"

"Pasi gani? Yule hajui pasi inashikwa upande gani. Nguo zake zinafuliwa na kupigwa pasi na dobi wa hapo nyuma, kila Jumamosi, pamoja na soksi. Mtu akija na uongo, aje na uongo anaoujua."

Igoki aliweka kikombe chini. Alifikiria vidole vilivyochomwa bila moto. Alifikiria zulia. Soksi zake, akikumbuka, zilikuwa bado na baridi alipofika ghalani. Halafu akaanza kuhesabu kitu ambacho hakina damu na hakuna mzee atakayemkataza: mbili ukutani, mbili dirishani, moja chini pembeni.

Aliinuka bila kumaliza chai. 

*

Saa saba na nusu walikuwa chumba cha mikutano, chini ya Mchoro: mwenyekiti, Mzee Mithika, Mwongera, mkuu wa kituo, na Nyaga na pingu zake. Ruguru hakualikwa. Alikuwa mlangoni na birika.

"Nianze na wewe, Mkuu," Igoki alisema. "Mtungi mkubwa ulikuwepo. Alama yake iko kwenye saruji. Nyaga Jumatano alikuwa kwa mkulima na ule mdogo. Mwenyekiti, sema."

Kathuri alisema, akiangalia viatu. Alisema yote, mpaka Mkoloni. Ruguru alicheka peke yake, kifupi, akamwangalia mumewe kwa macho ya baadaye-tutaongea.

"Sasa, mwizi alikuta mitungi miwili. Aliacha mwepesi, akabeba mzito. Mtu anayetaka mbegu angechukua wowote, na angeanza na unaobebeka. Tofauti ya Mama na Mtoto, mbali na ukubwa, ni nini? Mtoto ana kibandiko. Mtoto yuko kwenye huu ukuta. Ni nani hapa Ndurumo anayeona mtungi wenye kibandiko kuwa mali, na usio na kibandiko kuwa takataka?"

Shingo zote zilikuwa zimegeuka.

"Mimi nilikuwa hapa nikitayarisha karatasi za wageni," Mwongera alisema.

"Kizibo kilianguka chini ya ngazi za ofisi hii. Vidole vyako vimechomwa, na hujui kupiga pasi; baridi ya ile gesi huunguza kama moto. Bwana Mwongera, kwenye Mchoro una kompyuta ngapi?"

"Nne."

"Ulinihakikishia hata chumbani ni nne. Mbona mimi niliona vitambaa vitano?"

Mwongera alifungua mdomo. Igoki hakungoja. Alivuka korido hadi mlango wenye kibao, wenzake nyuma yake.

"Madam, viatu," Mwongera alisema. Alikuwa hawezi kujizuia.

"Leo naingia navyo."

Alikanyaga zulia na matope ya barabara ya Kianjai, akainama pembeni, akavuta kitambaa. Mama alikuwa pale, mdomo umezibwa na taulo, na moshi mweupe mwembamba ukimwagika ubavuni na kutambaa sakafuni.

"Fungueni madirisha," Nyaga alisema kwa ukali ambao hakuwa ameutumia seli. "Hiyo gesi kwenye chumba kilichofungwa inalaza mtu na hainuki. Nitoleeni hizi pingu. Mzee, kile kijiti cha kupimia gesi."

Mzee Mithika alikuwa tayari amekishika. Nyaga alikitumbukiza mdomoni mwa mtungi, akangoja, akakitoa. Wote waliinama. Kwenye ncha, upana wa vidole viwili tu, palikuwa na sakitu nyeupe, alama ya gesi iliyobaki.

"Wako hai," Nyaga alisema. Aliketi juu ya zulia. "Kwa hiki kidogo kilichobaki, wako hai. Leteni kizibo. Na gari liende Embu sasa hivi."

"Landrova yangu itampeleka," Igoki alisema. Mutegi alianza kusema kitu kuhusu mafuta, akaona uso wake, akaacha.

Mwongera alikuwa ameegemea ukuta. Alipoanza kusema alisema haraka, kama mtu anayesoma. "Sikuiba. Nilikuwa naurudisha Jumamosi. Walituambia kitu kimoja kisipolingana, mpango umeanguka. Jumanne ndipo nikagundua kuna mtungi ambao Mchoro hauujui. Nilipigia Nairobi simu. Wakasema kubadilisha Mchoro na kompyuta ni miezi mitatu."

"Na kusukuma mtungi kwenye kitoroli?"

"Dakika kumi."

"Kwa hivyo badala ya kusahihisha Mchoro, ukaisahihisha Ndurumo."

"Niliusikia ule mtungi ukivuma nikiusukuma, nikadhani utapasuka. Kizibo kilianguka, nikashika mdomo wake..." Alitazama vidole. "Wote walinicheka mwaka mzima. Kompyuta imelala, kompyuta imeamka. Siku moja nilitaka ikae sawa."

"Hapo ningekuelewa," Igoki alisema, na kuchoka kote kwa siku hiyo kulikuwa ndani ya sauti yake. "Ungekuja Alhamisi asubuhi useme ni wewe, tungekugombeza twende nyumbani. Lakini mtu alikamatwa, nawe ukawachapia polisi karatasi ya kusema ule mtungi haujawahi kuwepo. Huyu mwanamke amekaa kwenye ngazi ya kituo. Wewe ulikuwa humu chumbani na mtungi miguuni."

Mkuu wa kituo, ambaye alikuwa ameshika pingu za Nyaga mkononi na hajui aziweke wapi, sasa alijua.

Nje kulisikika magari ya wageni yakiingia. Mwenyekiti alishika koti la suti. "Madam, tutawaambia nini?"

"Wapelekeni kwanza wakaone majani barabarani," Igoki alisema. "Halafu mwambieni mshauri wao arudi amalize kuuliza."

Nyaga hakungoja wageni. Alimfunga Mtoto nyuma ya pikipiki, Ruguru akamtia chapati mfukoni bila neno, akaondoka kwa kishindo kuelekea jani la kwanza, kabla joto halijaisha.

Igoki alirudi ghalani, akaketi juu ya gunia la pumba, akaandika taarifa yake. Jina la mshtakiwa, mahali, saa. Alifika kwenye mstari unaouliza idadi ya mali iliyopatikana: mirija ya mbegu, mingapi. Mzee Mithika alikuwa amesimama mlangoni, amempa mgongo, akitazama Landrova ikimbeba Mama kwenda Embu, na midomo yake ikisogea polepole kama mtu anayetaja majina.

Kisha binti wa mfuga mbuzi wa Mbeere akaandika: ya kutosha.